Aliyechomoa Waya

Mama Pacha alikuwa karani wa mapokezi katika hospitali ya wazazi. Mjamzito akifika, yeye ndiye wa kwanza kumpokea. Anamuuliza jina, umri, na mimba ni ya ngapi. Anaandika kwenye kompyuta, kisha anamwelekeza chumba cha kwenda. Wengine walifika wakitabasamu. Wengine walifika wakilia. Mmoja aliwahi kufika mtoto akiwa ameshaanza kutoka, na bado akaandikishwa. Vidole vya Mama Pacha vilikuwa vyepesi, na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa friji, mtu wa maneno machache. Alikuwa na pacha wake wawili wa kike, ambao mimi naamini walianza kugombana wakiwa tumboni. Na alikuwa na mama mkwe aliyejua kila kitu. Ukimwambia jambo asilolijua, atakuambia jambo hilo halipo.

Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa akimwandikisha mgonjwa. Ghafla majina ya mafaili yakaanza kubadilika kwenye skrini. Faili la kwanza likageuka herufi zisizosomeka. La pili hivyo hivyo. La tatu, la nne. Akatazama mikono yake. Ilikuwa imetulia juu ya meza. Sasa nani anaandika?

Nywele zilimsimama. Hakujua kile ni kitu gani. Alijua jambo moja tu: kompyuta zote za hospitali zimeunganishwa kwa nyaya, na kitu kinachotembea kitapita humo. Akaingia chini ya meza, akachomoa waya wa mtandao ukutani.

"Chomoeni waya!" akapiga kelele. "Jamani, kila mtu achomoe waya!"

Maabara wakachomoa. Wodi ya watoto wachanga wakachomoa. Wengine walichomoa bila kujua kwa nini, maana sauti ile haikuwa ya mchezo. Kisha Mama Pacha akabonyeza kitufe na kuizima kompyuta yake kabisa.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na tabia moja mbaya sana. Ukisema kitu kimeharibika, unaulizwa ulikiharibuje. Kuna bomba lilivuja kwenye korido mwezi mzima, kwa sababu kila aliyeliona aliogopa kuwa wa kwanza kuliona. Watu waliinua nguo zao, wakaruka maji, wakapita kimya.

Kwa hiyo mkurugenzi alipofika, hakuuliza kumetokea nini. Aliuliza, "Nani alianza kupiga kelele?"

Vidole vyote vikaelekea mahali pamoja.

"Ni yeye," akasema karani mwenzake, bila kumtazama usoni. "Alichomoa waya, ndipo mambo yakaharibika."

"Lakini mimi niliona tu..."

"Nenda nyumbani," mkurugenzi akamkatiza. "Utaitwa uchunguzi ukimalizika."

Kesho yake akaitwa hospitalini, kabla hata uchunguzi haujamalizika. Serikali ilikuwa imemtuma mtaalamu kutoka kituo chake cha usalama wa mtandao. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, na wafanyakazi walikuwa wameshampachika jina la Miwani. Alimkalisha Mama Pacha katika chumba kidogo kando ya duka la dawa.

"Usiogope, dada. Mimi si polisi."

"Ndiyo, afande," akajibu Mama Pacha.

Miwani akamuuliza aliona nini, lini, na kwenye faili gani. Mama Pacha akajibu yote. Mwishoni Miwani akafunga kompyuta yake.

"Umesomea kompyuta wapi?"

"Sikusomea popote. Nina cheti cha sekondari na kozi fupi ya ukarani."

"Inatosha. Serikali imetangaza nafasi za uanagenzi katika usalama wa mtandao. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi akiwa kazini, na analipwa mshahara wakati anajifunza. Shahada haihitajiki. Tangazo hili hapa. Omba."

Mama Pacha akachukua tangazo. Akawaza, huyu ananitega. Nikikataa, atasema nina la kuficha. Nikikubali, nimejipeleka mwenyewe. Akapima hofu hizo mbili, akaona ile ya kukataa ni kubwa zaidi. Basi akaomba. Watu huomba kazi kwa sababu nyingi. Yeye aliomba kwa woga.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Pikipiki ikisimama nje, roho inamruka. Mlango ukigongwa, anakimbilia jikoni na kujifanya anaosha vyombo, hata kama vyombo vyote ni safi. Pacha wakimuuliza kwa nini haendi kazini, anasema ana likizo. Kudanganya watoto kulimuuma kuliko yote.

Halafu simu ikaja. Sauti ya kiume, ya upole, ikamtajia jina lake kamili.

"Umechaguliwa kuja kwenye usaili wa uanagenzi. Uje Jumanne asubuhi, kituo cha usalama wa mtandao. Beba kitambulisho na vyeti."

Alipokata simu, familia nzima ilikuwa imemzunguka.

"Matapeli," akasema mumewe.

"Polisi," akasema mama mkwe.

"Mama, polisi hawamwiti mtu kwa simu," mume akabisha.

"Wa siku hizi wanaita. Hujasikia wametaka kitambulisho? Nani mwingine anataka kitambulisho?"

"Mimi nasema matapeli. Nani akulipe ili ukasome? Watakudai ada ya usaili, ukiituma hutawasikia tena."

Mume yule alikuwa na maneno machache, lakini alikuwa na miguu. Kesho yake alifunga karakana, akaenda mwenyewe hadi ofisi ya serikali. Akalikuta tangazo lilelile ubaoni, na namba ya simu ileile. Akauliza dirishani. Mhudumu akamwambia, "Ni kweli, nafasi zipo. Hakuna ada yoyote, si ya fomu, si ya usaili. Mtu akiwadai pesa kwa nafasi hizi, huyo ni tapeli, mje mtuambie."

Akarudi nyumbani akitokwa jasho. "Si matapeli," akasema.

"Si nilisema!" mama mkwe akapiga makofi, karibu kwa furaha. "Basi ni polisi."

Na Mama Pacha akaamini. Ungefanyaje, wewe? Kazini amenyooshewa vidole, na sasa serikali inamwita kwa jina kamili. Jumatatu alimfundisha mumewe kuwasuka pacha nywele. Mume alijaribu. Pacha mmoja akatoka na mafundo, mwingine akatoka na machozi. Mama mkwe naye akafunga begi: mswaki, sabuni, nguo za kubadilisha, sweta zito.

"Mahabusu kuna baridi," akasema. Kisha akageuka upande, akajifuta macho kwa haraka.

Jumanne Mama Pacha alifika getini na begi lake. Mlinzi akalipitisha kwenye mashine, akaona mswaki.

"Unasafiri, mama?"

"Mungu ndiye ajuaye," akajibu.

Chumbani walikuwepo watu watatu. Miwani alikaa katikati. Kulia alikaa mzee mwenye mvi aliyesimamia mafunzo. Kushoto alikaa mwalimu wa chuo. Kiti cha Mama Pacha kilikuwa mbali kidogo na mlango. Alipima kwa macho, akajua hatauwahi.

"Karibu," akasema yule mzee. "Hebu tueleze mambo ya asubuhi ile hospitalini."

Hapo uzi ukakatika. "Nakiri kuchomoa waya!" akasema kwa sauti iliyojaa chumba. "Nakiri pia kuzima kompyuta. Lakini huyo mdudu aliyekula mafaili sikumleta mimi, haki ya Mungu. Kama mnanikamata, nikamateni, ila naomba kwanza niongee na wanangu."

Miwani akavua miwani yake.

"Nani anakukamata?"

"Si nyinyi?"

Mwalimu akalitazama begi. "Na hilo lina nini?"

"Sweta," akasema Mama Pacha, na machozi yakamtoka.

Hawakucheka. Mzee alimletea maji. Miwani akasogeza kiti karibu.

"Sikiliza, dada. Ule ulikuwa mtego wa wahalifu. Wanaingiza programu inayofunga mafaili, kisha wanadai pesa ili wayafungue. Iliingia hospitalini kwenu siku kadhaa kabla. Mtu wa ofisi nyingine alifungua ujumbe wa barua pepe, akaona kompyuta yake inafanya vituko. Unajua alifanya nini?"

"Alinyamaza."

"Alinyamaza. Aliogopa kuulizwa. Angesema siku ileile, tungeizuia mapema. Wewe ulichomoa waya na kuwaambia wenzako, ndiyo maana kumbukumbu za wodi zilipona. Lakini ulipoizima kompyuta, hapo ulikosea. Kuna alama za wahalifu zinazokaa ndani ya mashine ikiwa inawaka tu. Ukizima, zinafutika. Siku nyingine chomoa waya, iache inawaka, ita mtaalamu."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukufundishwa. Sasa niambie, kwa nini ulipiga kelele wakati wengine wananyamaza?"

Mama Pacha akafikiri. "Niliogopa."

"Na wao waliogopa."

"Mimi nikiogopa napiga kelele. Nimezaliwa hivyo. Muulizeni mkunga."

Hapo mzee akacheka, na hata Mama Pacha akacheka kidogo ndani ya kilio. "Mambo ya kompyuta tutakufundisha," mzee akasema. Kisha akamweleza utaratibu wote. Uanagenzi ni mwaka mmoja, kwa mkataba. Baadhi ya siku za juma ni darasani, zilizobaki ni kazini pamoja na mlezi wa kazi. Mshahara haufikii wa mtaalamu, lakini unalipwa kila mwezi. Kuna mitihani, na anayefaulu anapata cheti. Kazi ya kudumu haiahidiwi. Unaiomba kama wengine, ila wewe tayari una cheti na uzoefu. Na kabla ya kuanza, serikali inachunguza mwenendo wako.

"Kwa nini mnichunguze?" hofu ikamrudia.

"Kwa sababu utaona siri za watu. Na jambo moja ulishike toka leo: huingii kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ya maandishi. Hata kwa kujaribu tu. Hata kwa nia njema. Bila ruhusa ni uhalifu, na hapo ndipo sweta litakapohitajika."

Alipofika nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni. Alimkagua toka kichwani hadi miguuni, kana kwamba anahesabu viungo. "Wamekuachia?" akanong'ona.

Alichaguliwa. Uchunguzi wa hospitali nao ukamsafisha, na mkurugenzi akamwita arudi kazini. Sasa akawa na hofu mpya. Huku kuna kiti chake cha zamani, cha uhakika. Kule kuna mwaka mmoja na mitihani. Alizunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Mumewe ndiye aliyemtoa kwenye kizunguzungu.

"Karakana ipo," akasema. "Tutakula. Nenda."

Akaenda. Darasani vijana walichapa kwa kasi kama mvua juu ya bati. Maneno mengi yalimpita. Jioni alikaa na daftari, pacha wakimsomesha kama mtoto wao. Kazini mlezi wake alikuwa Miwani. Alimfundisha kusoma kumbukumbu za mfumo: nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi. Alimfundisha kufunga anwani za mtandao, yaani namba zinazotambulisha kompyuta, ikiwa zinatumiwa na wahalifu. Na kila asubuhi, kabla ya chai, watu wote wa kituo walikaa pamoja na kusema waliyokosea jana. Miwani mwenyewe ndiye aliyeanza. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekaripiwa. Kosa lilirekebishwa, watu wakanywa chai.

Mama Pacha alipenda sana kikao kile, hadi siku kosa lilipokuwa lake.

Aliambiwa afunge anwani moja mbaya. Akaandika tarakimu moja vibaya. Badala ya kuwafungia wahalifu, akaifungia ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Simu zikaanza kulia. "Mfumo umekwama! Watu wamejaa foleni!" Mama Pacha akatazama skrini yake, akaiona tarakimu ile.

Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Siku ile hospitalini alipiga kelele kwa sababu hakuwa na kosa. Leo kosa ni lake, na mkataba ni wake, na watoto nyumbani ni wake. Akainuka, akaenda msalani, akajifungia. Humo ndani alimwelewa yule mtu wa hospitalini aliyenyamaza. Alimwelewa vizuri mno, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Akajikaza, akafungua mlango, akaenda hadi meza ya Miwani.

"Ni mimi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si yake kabisa. "Nimefunga anwani isiyo yenyewe. Tarakimu ya mwisho."

"Ahsante," akasema Miwani. "Njoo tuifungue."

Wakaifungua. Chai ilikuwa bado ya moto. Tangu siku hiyo kila anwani ilisomwa na watu wawili kabla ya kufungwa, na utaratibu huo aliuandika Mama Pacha mwenyewe. Mwaka ulipoisha alifaulu mitihani, akapata cheti, akaomba kazi kituoni hapo. Akaipata.

Jumamosi moja baada ya hapo, alikuwa jikoni akimenya viazi. Mama mkwe akasimama mlangoni. Alishika simu yake kwa mbali, kama kitu kinachoweza kuuma.

"Mwanangu," akasema. "Nimebonyeza kitu."

Mama Pacha akaweka kisu chini. "Lini?"

"Sasa hivi. Ujumbe unasema akaunti yangu ya benki itafungwa. Wanataka namba ya siri."

"Umeiandika?"

"Tarakimu mbili. Kisha mkono ukakataa."

"Umefanya vizuri kuniambia, mama. Benki haikuulizi namba ya siri, si kwa ujumbe, si kwa simu. Lete tuufute."

Mama mkwe hakuitoa simu. Alibaki palepale, akimtazama usoni, akingoja.

"Hunigombezi?"

"Nikugombeze kwa nini? Umesema."

Bibi yule aliyejua kila kitu akatazama sakafu.

"Basi," akasema, "si leo. Ilikuwa jana, na niliandika zote."

Pesa zote za uzee wa mama huyu zilikuwa kwenye akaunti ile. Mama Pacha alifuta mikono, akachukua kadi ya benki, akapiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, si ile ya kwenye ujumbe. Mama mkwe akajieleza kwa afisa, akasahau tarehe yake ya kuzaliwa, akaikumbuka. Wakangoja. Pacha nao, kwa mara ya kwanza, hawakugombana.

"Tumeifunga kwa muda," sauti ya afisa ikasema mwishowe. "Kuna mtu amejaribu kuingia mara tatu leo asubuhi. Hajafanikiwa bado, maana namba ya siri pekee haitoshi. Mmewahi. Sasa mweke namba mpya ya siri."

Mama mkwe akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Tangu jana sijala," akasema polepole. "Sikuwa nawaogopa wezi, mwanangu. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Mama Pacha akachuchumaa, akamshika mikono yote miwili. Kisha akamwekea simu mapajani, akageuka kuutazama ukuta, ili mama mkwe aandike namba mpya bila mtu yeyote kuiona, hata yeye.